Picha, Vyombo vya Habari na Ajira: Maswali Ambayo Waamini Huuliza Mara kwa Mara



Wapendwa waamini, siku hizi kamera haiko tena mikononi mwa watu wachache. Simu iliyonunuliwa kwa ajili ya kuzungumza na ndugu walioko Pemba au Tanzania Bara ndiyo hiyo hiyo inayopiga picha za ubatizo, harusi na mazishi, soko la Darajani na ufukwe wa Paje. Kwa sababu hiyo, yameongezeka maswali ambayo wazazi, vijana na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo huyapeleka kwa mapadre na makatekista wao. Je, inafaa kupiga picha wakati wa Misa Takatifu? Nani alitoa ruhusa picha ya mtoto wangu isambazwe? Kijana wetu amemaliza kidato cha nne na anataka kuwa mpiga picha. Je, kazi hiyo itamlisha?

Tumekusanya hapa maswali kumi yanayorudi mara nyingi, tukiyajibu kwa kuzingatia mafundisho ya Mama Kanisa, sheria za nchi na mazingira ya kisiwa chetu cha Unguja. Msomaji atatambua kwamba majibu yote yanasimama juu ya msingi mmoja: sura ya mtu ni sehemu ya utu wake, na mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Picha yaweza kuwa ya aliyeipiga, lakini sura hubaki ya mwenyewe. Mpiga picha amekabidhiwa amana, na amana hutunzwa.

1. Kanisa linafundisha nini kuhusu picha na vyombo vya habari?

Kanisa halikuvipokea vyombo hivi kwa hofu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa Hati ya Inter mirifica tarehe 4 Desemba 1963, siku ile ile ilipotolewa Konstitusyo ya Liturujia. Hati hiyo inavitazama vyombo vya upashanaji habari kama matunda ya akili ambayo Mungu amemjalia mwanadamu, vinavyoweza kujenga au kubomoa kulingana na anayevitumia. Ni Mtaguso huo uliotaka iwepo siku ya kila mwaka ya kutafakari na kuombea utume huu. Siku ya kwanza ya Upashanaji Habari Ulimwenguni iliadhimishwa tarehe 7 Mei 1967, chini ya Mtakatifu Paulo VI. Mpaka leo huadhimishwa katika nchi nyingi Dominika inayotangulia Pentekoste, na ujumbe wa Baba Mtakatifu hutolewa tarehe 24 Januari, kumbukumbu ya Mtakatifu Fransisko wa Sale.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafafanua jambo hili katika namba 2493 hadi 2499. Habari ipo kwa ajili ya manufaa ya wote, nayo inapaswa kujengwa juu ya ukweli, uhuru, haki na mshikamano. Namba 2492 inaongeza kwamba kila mtu anastahili staha kuhusu maisha yake ya faragha. Namba hizo chache zinamtosha mwamini anayetaka kujipima kabla ya kutuma picha.

2. Upigaji picha ulianzaje Zanzibar, na historia hiyo inatufundisha nini?

Fotografia ilitangazwa rasmi mjini Paris mwaka 1839. Haikuchukua muda mrefu kufika pwani yetu: msafara wa kapteni Mfaransa Charles Guillain, uliozunguka pwani ya Afrika Mashariki kati ya mwaka 1846 na 1848, ulipiga baadhi ya picha za mwanzo kabisa za watu wa eneo hili. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, Mji Mkongwe ulikuwa tayari na studio zake. Zilizojulikana zaidi ni za Gomes na Coutinho, familia zenye asili ya Goa. Jamii ya Wagoa ndiyo iliyokuwa sehemu kubwa ya waamini Wakatoliki wa mjini wakati Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo wengi tunaliita Minara Miwili, lilipokuwa likijengwa na wamisionari Wafaransa kati ya mwaka 1893 na 1898.

Mwaka 1930 Ranchhod Oza, aliyekuwa amejifunza ufundi katika studio ya Gomes, alifungua Capital Art Studio. Studio hiyo ya Barabara ya Kenyatta iliendelezwa na mwanawe, Rohit Oza. Humo zimehifadhiwa sura za masultani na za wananchi wa kawaida, harusi, mitaa na majahazi; kwa Wazanzibari wengi ni kama daftari la kumbukumbu za mji.

Hata hivyo historia hiyo ina upande wa kutufikirisha. Studio za zamani ziliuza kadi za posta zenye picha za wanawake, wachukuzi na watoto wa visiwa hivi. Chini ya picha nyingi hakuna jina la mtu. Limeandikwa kabila lake au kazi yake tu. Kadi zilisafiri hadi Ulaya, zikanunuliwa na kutunzwa, na leo wajukuu wa watu wale hawawezi kumtambua bibi yao hata wakimwona. Tunalieleza hili ili tujiulize sisi wenyewe: mama anayevuna mwani kule Jambiani, ambaye picha yake inazunguka duniani kwenye simu za wageni, je, kuna aliyemwuliza jina?

3. Je, inaruhusiwa kupiga picha wakati wa Misa Takatifu?

Kanisa limelizungumzia suala hili tangu zamani. Maagizo ya Eucharisticum mysterium ya tarehe 25 Mei 1967, katika namba 23, yanataka upigaji picha usivuruge maadhimisho, hasa Misa. Panapokuwa na sababu ya kweli, upigwe kwa kiasi na busara kubwa, kwa kufuata taratibu za Askofu mahalia. Hivyo jibu si katazo la moja kwa moja wala ruhusa ya wazi kwa kila mwenye simu.

Kwa kawaida parokia humteua mtu mmoja au wawili. Tunashauri yafuatayo:

- Mpiga picha azungumze na paroko au mwanaliturujia kabla ya siku yenyewe, aelezwe mahali pa kusimama na wakati wa kutulia.
- Asipande patakatifu wala kupita kati ya Altare na waamini.
- Aache kabisa kupiga wakati wa masomo, mageuzo na ukimya baada ya Komunyo. Asiuelekeze mwanga wa kamera usoni mwa anayepokea Ekaristi Takatifu.
- Avae mavazi ya heshima, na kama ni Mkatoliki, naye asali. Anayehudumia Misa kwa kamera bado ni mwamini aliyekuja kukutana na Bwana.

Kwa waamini wengine ushauri ni mfupi: zimeni simu. Mzazi anayemtazama mwanawe akipokea Komunyo ya Kwanza kupitia kioo cha simu hujinyima tukio lenyewe, na pengine humziba macho mzazi aliye nyuma yake. Picha ya kundi mbele ya mlango wa kanisa baada ya Misa inatosha kwa albamu.

4. Na katika harusi, kitubio na mazishi?

Harusi ndiyo inayoleta mvutano mwingi, kwa sababu familia imelipa fedha na mpiga picha anataka kuonyesha kazi yake. Wachumba wapange mambo haya mapema wanapofanya mafundisho ya ndoa, na mpiga picha aambiwe wazi kwamba padre hatarudia viapo wala uvishaji wa pete kwa ajili ya kamera. Ndoa ni sakramenti hata kama picha imeharibika.

Kuhusu kitubio hakuna mjadala. Kurekodi kwa chombo chochote yale yanayosemwa katika maungamo, au kuyatangaza, ni kosa zito linaloadhibiwa na sheria ya Kanisa, awe aliyerekodi ni muungamishi au muungamaji, na hata kama ungamo lilikuwa la kuigiza. Hata picha ya mbali ya mtu aliyepiga magoti kwenye kiti cha maungamo haifai, kwani inafichua saa yake ya faragha kuliko zote.

Katika mazishi, picha za ibada na za waombolezaji zaweza kuwafariji ndugu walio mbali ambao hawakuwahi boti. Lakini uso wa marehemu, na uso wa mama anayelia, usitumwe kwenye kundi lolote kabla ya wafiwa kusema ndiyo. Mara nyingine mtoto wa marehemu hupata habari ya msiba kwa picha kabla ya kupigiwa simu. Haraka ya namna hiyo haina baraka.

5. Parokia iweke wapi mpaka kuhusu picha za watoto na za wakatekumeni?

Hapa tunaomba uangalifu wa pekee. Mtoto hawezi kupima matokeo ya picha yake kubaki mtandaoni kwa miaka ishirini. Kwa hiyo picha za watoto wa Utoto Mtakatifu, za wanakwaya wadogo au za wanafunzi wa shule zetu zisichapishwe bila idhini ya mzazi au mlezi, na ni bora idhini hiyo iandikwe. Picha isiambatane na jina kamili, shule na mtaa anakoishi. Mtoto aliyepatwa na ukatili au ugonjwa asitambulike kabisa, hata kwa sare yake. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011 inayolinda haki za watoto, na kwa Mkristo wajibu huu ulikuwapo kabla ya sheria kutungwa.

Wakatekumeni nao wana hali yao. Sisi Wakristo wa Unguja tu wachache, tunaoishi ndani ya familia na mitaa yenye imani tofauti. Yupo mtu anayejiandaa kwa ubatizo lakini bado anatafuta siku na maneno ya kuzungumza na wazazi wake. Picha moja ya Mkesha wa Pasaka, iliyowekwa kwa nia njema na kijana wa kwaya, inaweza kulichukua neno hilo kinywani mwake na kulipeleka nyumbani kabla yake. Nyumba huweza kugawanyika kwa sababu ya picha. Kwa hiyo mhusika aulizwe faraghani, mbali na umati, na jibu lake la hapana liheshimiwe bila kumtaka atoe sababu. Maji yakimwagika hayazoleki.

6. Tuwapige picha vipi majirani zetu na maeneo ya Mji Mkongwe?

Mji Mkongwe umekuwa Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, nao huvutia kila mwenye kamera. Milango ya nakshi na vibaraza vinapendeza, lakini kibaraza ni sehemu ya nyumba ya mtu. Kijana anayebisha hodi kabla ya kuingia nyumbani kwa jirani abishe hodi pia kabla ya kuinua kamera. Salamu kwanza, kisha maelezo, kisha ombi. Mzee aamkiwe kwa shikamoo na asubiriwe aitikie. Akikataa, ashukuriwe kama yule aliyekubali.

Wanawake wengi wa visiwa hivi hawapendi sura zao zipelekwe kwa watu wasiowajua, na hilo ni sehemu ya imani na malezi yao. Usipige picha za watu wanaoswali, za watoto wakiwa chuoni kwa mwalimu wao, wala za jirani asiyefunga mwezi wa Ramadhani ili kumcheka. Tunataka ibada zetu ziheshimiwe. Basi na tuanze sisi kuheshimu za wengine. Mahusiano mema kati ya waamini wa dini mbalimbali hapa Unguja hujengwa kwa mambo madogo ya namna hii, nayo hubomolewa kwa picha moja iliyopigwa kwa dharau.

7. Je, ni vibaya kupiga picha tunapotoa misaada?

Chama cha kitume kinachokusanya michango kinapaswa kutoa hesabu kwa waliochangia, na picha zinaweza kusaidia uwazi huo. Lakini katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, Bwana anatuonya tusitoe sadaka ili tuonekane. Mzee anayepokea mchele na sabuni mbele ya kamera hana uhuru wa kweli wa kukataa, kwa maana anaogopa kwamba msaada utaondoka pamoja na kamera.

Njia ipo. Piga picha ya vitu vilivyokusanywa, ya wanachama wakifungasha, au ya mlango uliokarabatiwa. Orodha ya waliopokea ibaki kwenye faili la Halmashauri ya Walei. Ikiwa mtu mwenyewe anapenda kusimulia jinsi alivyosaidiwa, na asimulie siku nyingine, kwa maneno yake, akiwa amevaa nguo aliyoichagua.

8. Tufanye nini na picha za uongo na habari zinazozagaa?

Mwezi Machi 2023 ilizagaa duniani picha ya Papa Fransisko akiwa amevaa koti kubwa jeupe la kisasa. Watu wengi waliiamini, kumbe ilitengenezwa na programu ya akili unde. Katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari ya mwaka 2024, uliohusu akili unde na hekima ya moyo, Papa mwenyewe aligusia kwamba naye aliwahi kuwa mhanga wa picha za namna hiyo. Ikiwa sura ya Baba Mtakatifu inaweza kughushiwa, basi ya paroko, ya sheha au ya jirani yako ni rahisi zaidi.

Kabla ya kutuma, jiulize mambo manne. Nani alipiga picha hii? Ilipigwa lini na wapi? Kuna chombo kingine cha kuaminika kinachoeleza jambo hilo hilo? Na nikikosea, nani ataumia? Picha ya ajali ya boti ya zamani, ikitumwa leo kana kwamba ni ya asubuhi hii, huwakimbiza watu bandarini Malindi kwa kilio kisicho na sababu.

Katekisimu, namba 2477, inataja dhambi tatu dhidi ya heshima ya jirani: kumhukumu pasipo msingi, kufichua makosa yake bila sababu ya haki, na kumsingizia. Zote tatu zinaweza kufanyika kwa kidole kimoja juu ya simu. Nchi nayo ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika pia Zanzibar, ambayo inakataza kusambaza kwa makusudi taarifa za uongo, kumnyanyasa mtu mtandaoni, na kutengeneza au kusambaza picha chafu za watoto. Maelezo kwamba "nilitumiwa tu, nami nikatuma" hayamwondolei mtu wajibu mbele ya dhamiri. Aliyeeneza uongo ana deli la kuusahihisha pale pale alipoueneza.

9. Kijana wetu anataka kufanya kazi ya picha au habari. Je, ni ajira ya kweli, na aanzie wapi?

Wazazi wengi huuliza swali hili kwa wasiwasi, na wasiwasi huo una msingi: mapato ya kazi hii hayana uhakika. Utalii ndio mwajiri mkubwa wa wapiga picha kisiwani, nao hufuata misimu. Wakati wa masika, hoteli za Nungwi, Kendwa na Paje hupungukiwa na wageni, na simu ya mpiga picha hunyamaza. Asiyeweka akiba msimu wa wageni hulazimika kuuza kamera yake msimu wa mvua.

Hata hivyo kazi zipo, nazo ni nyingi kuliko kupiga picha za harusi. Kuna mwandishi wa habari, mhariri, mtangazaji, fundi sauti, mpiga na mhariri wa video, mchoraji wa matangazo, msimamizi wa kurasa za taasisi mtandaoni, na mtunza nyaraka. Shirika la Utangazaji Zanzibar, gazeti la Zanzibar Leo, redio za jamii, hoteli na mashirika ya kiraia huhitaji watu wenye stadi hizi. Visiwa vyetu si vigeni katika fani hii. Mwaka 1888 wamisionari Waanglikana wa Kiungani walianza kuchapa jarida la Kiswahili lililoitwa Msimulizi, lililoandikwa na wanafunzi wao Waafrika. Na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi wakati sehemu kubwa ya Afrika haikuwa nayo.

Kuhusu mafunzo, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) hufundisha uandishi wa habari na mawasiliano. Kwa Bara, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT) cha Mwanza, kinachomilikiwa na Kanisa, kilikua kutokana na taasisi ya Nyegezi na kinajulikana kwa fani hii. Kadhalika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shule yake ya uandishi wa habari. Anayependa stadi za mikono aulizie vituo vya mafunzo ya amali. Kabla ya kulipa ada, hakikisheni chuo kimesajiliwa na mamlaka husika.

Njia nyingine ni ya kale, nayo bado inafaa: kujifunza kwa fundi. Ranchhod Oza alianza kwa kufanya kazi katika studio ya mwingine. Kijana amsindikize mpiga picha mwenye uzoefu, ambebee taa, ajifunze kuisoma nuru ya asubuhi na majira ya maji kupwa na kujaa. Haya ya mwisho si madogo kwa Unguja: ufukwe wa Jambiani wa saa mbili asubuhi si ule wa saa nane mchana. Atunze vifaa vyake, kwa kuwa chumvi na unyevunyevu wa bahari huozesha kamera na kuotesha kuvu ndani ya lenzi. Aifute kila jioni na kuihifadhi penye ukavu. Kila picha aiweke katika nakala mbili, mahali pawili tofauti.

Afanye pia mambo ya kisheria mapema. Habari na utangazaji si mambo ya Muungano, hivyo taratibu za Zanzibar na za Bara hutofautiana, na mwandishi anayevuka bahari aulizie kwanza. Ndege zisizo na rubani, yaani droni, zisirushwe bila kibali. Makubaliano na mteja yaandikwe: idadi ya picha, malipo, siku ya kukabidhi, na kama mpiga picha anaruhusiwa kuzionyesha kwa wengine. Kwa masuala ya hakimiliki, Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na taasisi yake, COSOZA.

Vijana wanaopenda filamu wajue kwamba Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar (ZIFF), lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, limekuwa likiwakutanisha watengenezaji filamu huko Ngome Kongwe. SIGNIS, chama cha Kikatoliki cha mawasiliano duniani kilichoundwa mwaka 2001, kimewahi kuweka jopo la waamuzi na kutoa tuzo katika tamasha hilo. Kanisa limeketi humo pamoja na wengine kutazama na kutambua kazi njema.

10. Nifanye nini nikiagizwa kufanya kazi iliyo kinyume cha dhamiri yangu?

Swali hili hutoka kwa vijana ambao tayari wako kazini, nao huuliza kwa sauti ya chini. Mmoja ameagizwa apige picha za wasichana kwa namna inayowadhalilisha. Mwingine ameambiwa aandike kichwa cha habari kisicholingana na habari. Mwingine hajaiona Misa ya Dominika kwa miezi mitatu, kwa sababu harusi na wageni huja siku hiyo.

Hatutaki kutoa jibu jepesi kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba na ada za wadogo zake. Lakini yako mambo ambayo mshahara hauwezi kuyahalalisha: kumvua mtu utu wake, kusema uongo unaomwangamiza jirani, na kumtumia mtoto. Hapo kataa, kwa adabu na bila kusita. Kwa mengine, zungumza. Mara nyingi msimamizi hubadili agizo akielezwa kwa heshima kwamba picha ya staha itauzika pia. Kuhusu Dominika, tafuta Misa ya alfajiri au ile ya Jumamosi jioni, na mweleze paroko wako hali yako kabla hujazoea kukosa. Tafuta pia wenzako. Parokia zenye vijana watatu au wanne wa fani hii ziwaunganishe, wakutane, wasali na kushauriana. Aliye peke yake hushindwa upesi.

Kumbuka pia wasimamizi wako mbinguni. Mtakatifu Fransisko wa Sale, ambaye Papa Pius XI alimtangaza mwaka 1923 kuwa msimamizi wa waandishi, alikuwa akiandika vijikaratasi na kuvipenyeza chini ya milango ya watu waliokataa kumsikiliza. Alishinda kwa upole. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alitumia kompyuta yake kutangaza miujiza ya Ekaristi.

Wapiga picha, kwa upande wao, humkimbilia Veronika wa kituo cha sita cha Njia ya Msalaba. Mapokeo yanasimulia kwamba alijipenyeza katikati ya umati na askari, akaupangusa uso wa Yesu uliojaa damu na vumbi, na sura ya Bwana ikabaki juu ya kitambaa chake. Hakwenda kutafuta picha. Alimwona mtu anayeteseka, akamhudumia, na picha akapewa.

Huo ndio utaratibu tunaoupendekeza kwa kila mwamini wa Unguja mwenye kamera, awe fundi wa Mji Mkongwe au mama mwenye simu kijijini. Msalimu mtu kwanza, lijue jina lake, omba ruhusa, kisha piga. Na picha ikisafishwa, andika nyuma yake jina, mahali na tarehe, ili wajukuu wetu wasije wakashika mkononi sura ya bibi yao wasimtambue.